Mkono Uliobanduliwa kwenye Mapipa

Huyu ni Hakimu Ndayisaba bin Rajabu bin Songoro, wa Majengo, Gisenyi, Rwanda. Songoro ndiye aliyekuja kutoka Ujiji na magunia ya chumvi, akalivuka ziwa la Kivu kwa mtumbwi wa kuazima, akafika bila kulowesha hata gunia moja, akaoa hapa hapa. Rajabu mwanawe ndiye aliyepeleka mafuta ya taa Goma, upande wa Kongo, kwa baiskeli, wakati mpaka ulikuwa kamba tu na askari mmoja anayesinzia. Na ndiye aliyebeba asidi ya betri katika chupa kubwa za kioo zilizofungwa nyasi, mpaka siku chupa moja ilipopasuka kwenye mteremko na ile asidi ikamla mkono wa kulia. Vilibaki vidole viwili. Kwa vidole hivyo alitulea sote, akatusomesha kila mmoja mpaka pale uwezo wake ulipofika. Mimi ndiye mkubwa, Saidati. Hakimu ni wa katikati, Twahir ni kitinda mimba. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu wa njiani.

Hakimu naye ana yake. Yeye ndiye wa kwanza hapa Majengo kwenda Kigali kusomea kazi ya kuvusha mizigo ya hatari: mitungi ya gesi, rangi za kupaka, dawa za kuua wadudu wa viazi, na hiyo asidi ya betri. Alirudi na cheti chenye picha yake, na kila kinapokaribia kwisha huenda kukisomea upya, mtu mwenye mvi zake, anakaa darasani na vijana. Darasani ndiko alikoonyeshwa kwa mara ya kwanza ile alama ya asidi. Ni mraba uliosimama juu ya kona yake, nusu nyeupe nusu nyeusi, na ndani yake kuna tone linaanguka juu ya mkono na mkono unalika. Aliniambia, "Dada, nilimwona baba." Tangu hapo hakuna pipa lililopita mikononi mwake bila alama hiyo kubandikwa. Huku kwetu tunaiita etiketi, kwa hiyo wakampa jina, Mzee Etiketi. Wengine walimwita hivyo kwa dharau, yeye akaitika kwa sauti.

Alikuwa na msemo wake, akiwaambia wote wanaomletea mizigo: "Mzigo wa hatari ni kama mtoto mchanga. Una jina lake, una alama yake, na hauachwi peke yake." Sheria inataka hivyo kweli. Yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya mzigo, mwenye cheti, ndiye anayekaa nao mpaka aukabidhi kwa mwingine mwenye cheti. Dereva peke yake hatoshi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa miaka miwili baada ya mlima Nyiragongo kumwaga moto, na Hakimu alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Kamikazi. Mama yake mtoto, Pulchérie wa Nyundo, alifariki Kamikazi hajaota meno, na Hakimu hakuoa tena. Alimlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka mimi nikiwaona njiani namwita mtoto ndani nimsuke upya. Mtu wa namna hiyo, siku ya kumtoa binti yake, ungedhani dunia nzima ingempisha. Tena kwetu Waislamu baba ndiye anayeozesha. Ndiye anayekaa mbele ya sheikh, anamshika bwana harusi mkono, anatamka. Kwa Hakimu, kutamka maneno yale ndiyo ilikuwa harusi. Mengine yote yalikuwa pilau.

Ndoa ilikuwa ifungwe Jumapili. Wakwe, watu wa Nyamirambo kule Kigali, wakatuma habari kwamba kijana wao Sano ameitwa kazini haraka, tafadhali iwe Alhamisi baada ya alasiri. Hakimu akakubali. Lakini Alhamisi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kibali cha mapipa ya asidi yaliyokuwa yakingoja katika depo yake, ya kupelekwa kwa fundi wa betri za sola kule Goma. Kibali kikilala, ni kuanza upya Kigali.

Nilimwambia, "Mwache dereva apeleke. Narcisse anaijua njia."

"Narcisse ana leseni ya gari, dada. Hana cheti cha mzigo. Na ni hapo tu! Adhuhuri itanikuta nyumbani."

Ni kweli, ni hapo tu. Ukisimama Majengo ukipiga kelele, Goma wanageuka.

Depo yake iko ndani ya ua, ukuta wa tofali, sakafu ya simenti, mlango wa wavu ili hewa ipite. Mlango huo unatazama lango. Atakayeingia kwa harusi lazima ayaone mapipa. Na nyumbani alikuwa amekuja Drocella, dada yake marehemu Pulchérie, kusimama pahali pa mama. Drocella ni mwanamke wa usafi. Ukimwacha na ufagio anakufagilia hata kivuli chako. Jumatano aliomba ufunguo afagie depo, Hakimu akampa, maana nani amnyime mtu kufagia?

Kwetu, nyumba yenye hina haiachi wazi kitu kilichovunjika wala kinachokata. Sufuria lenye ufa linafichwa, kisu kinaingia sandukuni. Drocella, ingawa ni wa kanisa la Nyundo, desturi yetu hiyo anaijua kuliko baadhi yetu. Akaingia depo, akakutana uso kwa uso na ule mkono unaolika, pipa baada ya pipa.

"Yesu Mariya!" wasichana walimsikia akisema. "Mutoto iko na hina mukononi, na hapa muko na picha ya mukono inakuliwa? Wakwe wataona nini? Apana, iyo ni mukosi!"

Akaleta maji ya moto, sabuni, majivu na kijiko. Akabandua zote. Akayasugua mapipa yakawa kama masahani, na ile gundi iliyobaki akaitoa kwa ukucha. Karatasi zenyewe akazitia kwenye moto wa jikoni. Halafu, kwa kuwa pipa likiwa uchi si pambo, akayafunga kila moja kitenge kiunoni, yakasimama kwa mstari kama akina mama wa kwaya. Mimi wakati huo nilikuwa kwa fundi cherehani kuchukua nguo za bibi harusi.

Asubuhi ya kupakia, wajumbe wa wakwe walikuwa wamekwisha kuketi uani, wanakunywa chai, sanduku la bibi harusi liko katikati. Hakimu aliyaona mapipa yamevaa, akacheka. Angewezaje kuyavua mbele ya wakwe, kana kwamba nyumba inaficha kitu ndani ya vitambaa? Na angewezaje kumwaibisha shemeji yake aliyetoka Nyundo kwa upendo? Alipapasa vifuniko kimoja kimoja, akahesabu kwa kiganja, akakagua gari: mchanga upo, magadi ya kuua asidi yapo, glavu, miwani, maji ya kuoshea macho, kibao cha rangi ya chungwa chenye namba. Alama alijua zipo. Yeye ndiye aliyezibandika.

Mpakani, upande wetu, karatasi zilisomwa, zikaonekana kamili, zikagongwa mhuri. Wakampongeza kwa harusi. Kizuizi kikapanda, gari likapita, kizuizi kikashuka nyuma yake.

Upande wa pili kulikuwa na ajenti mmoja wa forodha, kijana, anamfahamu.

"Mzee Etiketi! Leo asidi imevaa kitenge? Inaenda arusi?"

"Arusi iko kweli, mwanangu. Ya binti yangu."

"Félicitations, mzee! Bon, tufungue tuone, upite haraka ukamwoze."

Hakimu mwenyewe alifungua kitambaa cha kwanza, bado anacheka. Narcisse, aliyekuwa kwenye usukani, ananiambia alikiona kicheko kikikauka usoni. Pipa jeupe, safi, linang'aa. La pili hivyo hivyo. Akafungua yote kwa haraka, vitenge vinaanguka, na hakuna alama hata moja.

"Mzee," ajenti akauliza taratibu, "hii ni maji ao ni asidi?"

"Asidi."

"Nani anasema?"

"Karatasi inasema."

"Karatasi inasema, pipa inanyamaza. Kama ni mutu mwingine, ningemusaidia. Lakini we ndiye ulinifundisha, hapa hapa, mi nikiwa mugeni kazini. Ulisema pipa isiyo na etiketi haipite, hata kama ni ya baba yako."

Hakimu akamwambia Narcisse ageuze gari. Upande wetu nao wakamwonyesha mkono, simama hapo hapo. Mzigo umeshatoka nchini, mzee. Kuurudisha ni kuingiza mzigo wa hatari, na kuingiza kuna kibali chake. Alijua. Mambo hayo alikuwa akiwaeleza wengine miaka yote.

Basi akapaki katikati, pale palipobaki, kipande cha lami kati ya vizuizi viwili, akanipigia simu.

"Dada, kabatini kwangu, juu, kuna rola ya etiketi. Niletee. Usimwambie Kamikazi."

Nilimfuata Drocella jikoni. "Etiketi za mapipa ziko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye moto, uso umejaa fahari. "Niliosha! Umeona vile vinang'ara?"

Nilichukua rola na kitambulisho changu, nikaenda.

Mahali pale mimi nimepita maisha yangu yote. Nimepita nikiwa msichana, nimepita na ujauzito, nimepita nikikimbia vita, na kurudi. Sikuwahi kupaona kuwa ni mahali. Palikuwa ni kupita tu. Siku ile nilimkuta ndugu yangu amekaa juu ya ndoo ya mchanga kando ya gari, na dunia nzima inampita: wanawake na mabeseni ya unga, vijana na mikungu ya ndizi, watu wa ofisi na mifuko yao. Wote wanakwenda au wanarudi. Yeye jua lilikuwa juu ya kichwa chake, ziwa linaonekana pale chini, bluu kama halina habari na mtu. Minara ya misikiti ya mji wake aliiona. Nadhani hata moshi wa pilau yake aliunusa.

Tulibandika. Alipapasa kila etiketi kutoka katikati kwenda pembeni, hewa isibaki. Akamwita ajenti.

"Sasa iko muzuri sana," yule kijana akasema. "Lakini mi nimeshaandika kwamba mzigo umefika bila etiketi. Nikishaandika siwezi kufuta. Ni chef, mukubwa wetu, anafuta."

"Chef iko wapi?"

"Iko Sake, inje ya Goma."

"Anarudi saa ngapi?"

"Atarudi, mzee."

Siku hizo ule upande ulikuwa unafunga saa tisa, na wetu nao unashusha kizuizi. Chef akichelewa, kizuizi kitashuka na Hakimu atalala pale na mapipa yake mpaka kesho. Na saa tisa, kwetu, ni kukaribia alasiri.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Akaswali kando ya tairi. Chef hakuja. Mimi nikampigia Twahir alete kanzu ya kaka yake, maana nilikuwa nimekwisha kuamua. Hakimu angetoka pale kwa miguu, aoze mtoto, arudi. Wacha chuma na asidi vingoje.

Twahir anauza vitunguu, anavipitisha mpakani miaka na miaka, na ulimi wake una ncha. Alikuja na wazee wawili wa msikiti wetu, kanzu begani.

"Kaka," akasema, "mi napitisha magunia kila siku, hakuna hata mutu ananiuliza jina. We unajifunga kamba mwenyewe, halafu unashangaa inabana! Vaa, twende. Narcisse iko hapa."

"Narcisse hana cheti."

"Asidi itamuuliza cheti? Mapipa yamefungwa, hayana miguu."

"Wakinikuta sipo, cheti changu wanakifuta."

Hapo nikaingia mimi. "Cheti kitasomewa tena. Siku hii haisomewi tena. Huyu mtoto ana baba mmoja, na mama hana. Nani atamshika Sano mkono? Mapipa?"

Hakimu akanyoosha mikono kama mtoto, nikamvisha kanzu juu ya shati lake la kazi. Akafunga vifungo vyote. Akamwambia Narcisse, "Usiondoke hapa, hata kwa Mungu," tukaanza kutembea, wazee mbele, yeye katikati, mimi na Twahir nyuma, kama watu wanaosindikiza. Moyo wangu ulikuwa umeshinda. Kizuizi chetu kilikuwa karibu, naona hata rangi yake imebambuka.

Sijui nini kilimgeuza kichwa. Narcisse alikuwa amesogea kwa muuza chai, hatua chache tu, mtu ana njaa. Na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ametua beseni lake kivulini mwa gari. Aliviona vile vitenge vya Drocella vimelala juu ya mapipa, vizuri, vipya. Alikuwa amepanda kwenye tairi, mkono mmoja umeshika mdomo wa pipa, wa pili unavuta kitambaa kilichonaswa na kifuniko.

"Mama! Toa mukono!"

Sikuwahi kumwona Hakimu akikimbia tangu utoto wetu. Alikimbia na kanzu ameikunja mkononi.

"We mzee, kwani nimeiba?" yule mwanamke akamwakia, akishuka. "Nilifikiri ni ya kutupa! Kitenge muzuri namna hii kinalala juani, na watu hawana!"

"Chukua kitenge, mama. Chukua vyote. Lakini hiyo iliyo chini yake inakula mutu."

Mwanamke akaitazama etiketi. Akautazama mkono wake, akaufuta kwenye sketi mara mbili tatu, ingawa haukuwa na kitu. Akabeba beseni lake akaenda, vitenge hakuchukua.

Hakimu alipapasa kile kifuniko. Kilikuwa kimekaza. Hakuna tone lililotoka. Lakini akakaa juu ya ile ndoo ya mchanga na kanzu yake nyeupe, na nikajua kwamba hatoki tena. Twahir alifungua mdomo aseme, nikamshika mkono. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia baba nyama yake sahanini, kila siku, mpaka nilipoolewa.

Simu ikalia, ni sheikh. Watu wameshajaa, yuko wapi mzazi? Nikamweleza. Akasema hakuna tatizo, mzazi anaweza kumwakilisha ndugu yake, yaani kumfanya wakili wake, hata kwa simu inatosha, sauti yake anaijua.

"Mtoto wangu simtoi kwa simu," Hakimu akasema. "Twahir, simama hapa."

Kule mbele ajenti alikuwa anapiga filimbi. "Wasio na mzigo watoke! Tunafunga!"

Twahir akasimama. Ni mtu mzima, ana wajukuu, lakini pale alisimama kama amevunja chungu cha mtu. Wazee wawili wakakaa pande mbili. Hakimu akanyanyuka, akamshika mkono wa kulia, kidole gumba kwa kidole gumba.

"Mimi Hakimu bin Rajabu nimekuwakilisha wewe, ndugu yangu Twahir bin Rajabu, uniozee binti yangu Mariamu Kamikazi kwa Yusufu Sano. Umekubali?"

"Nimekubali, kaka."

"Wazee mmesikia?"

"Tumesikia."

Hakumwachia mkono. "Ukifika, usiende kwanza kwa wanaume. Ingia ndani kwa Kamikazi. Mwambie niko wapi, mwambie kweli, usimdanganye kwamba niko njiani. Mwulize mwenyewe kama bado anamtaka huyo kijana, usimwulizie kwa shangazi wala kwa mashoga zake. Akinyamaza kwa aibu, ngoja. Akilia, ngoja. Asikie kwamba kuna mtu anamngoja. Halafu ndiyo uende kukaa mbele ya sheikh. Usifanye mzaha wako. Mshike kijana mkono hivi ninavyokushika, umwangalie machoni, na maneno uyatamke moja moja."

"Ndiyo, kaka."

"Yatamke niyasikie."

Filimbi ikapigwa tena. Twahir akayatamka yote kwa pumzi moja, jicho liko kwenye kizuizi chetu kinachoanza kushuka.

"Haraka sana," Hakimu akasema. "Huyo ni binti yangu, si bei ya vitunguu. Anza tena."